Mashua huzibwa baharini. Chombo cha anga je?

*"Mtaalamu, salaam. Mimi ni fundi mashua hapa Mikindani, kazi niliyorithi kwa baba yangu. Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, na juzi alinionyesha kwenye simu kile chombo cha Wamarekani kilichoungua angani mwaka 2003 na watu 7 ndani. Anasema kilitobolewa bawa na kipande cha povu siku ya kuondoka, wakakaa juu zaidi ya wiki 2 na tundu lao, kisha wakarudi wakaungua. Haliniingii akilini. Mashua ikipasuka ubao katikati ya bahari mimi naziba palepale, kwa pamba, kwa shati, kwa chochote, narudi nyumbani. Hawa wana elimu yote ile, wana mavazi ya kutokea nje, wana muda. Kwa nini hawakuziba? Na kama haizibiki, kwa nini wasishuke polepole wasiungue? Mjukuu naye anataka kutengeneza ngao ya joto kwa maonesho ya sayansi shuleni. Ameniomba mtungi wa gesi na kipande cha lile bati la zamani la asbesto lililoegeshwa nyuma ya nyumba. Nimpe?"*

Shikamoo mzee wangu. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: asbesto usimpe. Hata kipande. Bati lile likiwa zima na limetulia halina shida kubwa, lakini likikatwa, likitobolewa au likivunjwa hutoa vumbi la nyuzi ndogo mno, huzioni kwa macho, na zikishaingia mapafuni hazitoki. Madhara yake huja baada ya miaka mingi, saratani ikiwemo. Mwambie mjukuu asiliguse, na wewe usilivunje ili ulitupe. Mwone afisa afya wa kata yako aje alitazame, yeye ataelekeza liondolewe vipi. Maonesho yake tutayarudia, yapo mambo mazuri ya kufanya bila hilo bati.

Sasa tuje kwenye chombo. Kinaitwa Columbia, mojawapo ya vile vyombo vya Marekani vyenye mabawa, vilivyopaa kwa roketi na kutua kwa matairi. Kiliondoka Florida tarehe 16 Januari 2003. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu gumu linalofunika tangi kubwa la mafuta kilibanduka, kikapiga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Hakikufika hata kilo moja. Ukilishika mkononi povu hilo ni jepesi kabisa, ndiyo maana wakubwa wengi hawakuamini kuwa linaweza kuvunja kitu. Lakini chombo kilikuwa kinakimbia na povu limeshikwa na hewa, wakagongana kwa mwendo unaozidi kilomita 800 kwa saa. Tarehe 1 Februari, zikiwa zimebaki kama dakika 16 kitue, kilivunjika juu ya Texas. Wote 7 walikufa, akiwemo Kalpana Chawla mzaliwa wa India na Ilan Ramon wa Israel.

Mjukuu amepatia karibu yote. Lililompita ni hili: wale watu hawakujua kuwa wana tundu. Mainjinia walioko chini waliona kwenye filamu, kesho yake, kwamba povu limepiga bawa. Wakaomba bawa lipigwe picha likiwa angani, kwa mitambo ya jeshi yenye uwezo huo. Maombi yalitolewa mara 3 na yote 3 yakafia kwa wasimamizi. Tarehe 23 Januari kamanda Rick Husband na rubani wake wakaandikiwa ujumbe kwamba povu limepiga lakini hakuna cha kutia wasiwasi. Kutoka madirisha yao ukingo ule wa bawa haukuonekana, na safari ile hawakubeba mkono wa mashine ambao ungeweza kuwasaidia kuchungulia. Kibaya zaidi, rada za ardhini zilikuwa zimenasa kitu kidogo kikijitenga na chombo siku ya pili ya safari, ila kilikuja kugunduliwa kwenye kumbukumbu baada ya msiba.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba hakuna fundi azibaye asichokijua. Ningeishia hapo, lakini wewe unauliza kifundi: tuseme wangejua, je?

Hapo inabidi kwanza tuelewane joto lenyewe linatoka wapi. Watu wengi husema ni msuguano wa chombo na hewa. Msuguano upo, ila sehemu kubwa ya joto haitoki huko. Chombo kinachoizunguka dunia huenda kilomita 7.8 hivi kwa kila sekunde moja. Kwa mwendo huo, njia nzima ya kutoka Mtwara mjini hadi Lindi mjini ungeimaliza kwa sekunde zisizozidi 15. Hewa iliyo mbele haipati nafasi ya kupisha. Inasukumwa, inabanwa ghafla, na hewa ikibanwa hupanda joto. Ikibanwa kwa nguvu kiasi hicho hufika maelfu ya nyuzi na kuanza kung'aa. Vijana wanaovua dagaa usiku wa giza wameviona vimondo mara nyingi. Kijiwe chenyewe aghalabu hakizidi punje ya mchanga, lakini ule mstari wa mwanga unauona kutoka Msimbati hadi Mikindani kwa sababu hewa na mvuke wa jiwe ndivyo vinavyowaka. Jambo ni lilelile.

Ndiyo maana vyombo hivi vinatengenezwa butu badala ya kuchongoka. Fundi wa mashua atashangaa, kwa kuwa omo huchongwa ili upasue maji. Miaka ya 1950 mwanasayansi wa Marekani, H. Julian Allen, alionyesha kwamba umbo butu husukuma mbele yake ukuta wa hewa iliyobanwa, ukuta huo ukakaa mbali kidogo na chombo, na joto jingi likapita pembeni kwenda zake bila kugusa mwili. Kinachobaki ndicho kinachopambana na ngao. Kwenye ukingo wa mabawa ya Columbia hicho kilichobaki kilikuwa nyuzi 1,650 hivi za Selsiasi. Mimi kazi yangu ni matofali ya tanuri, yale yanayozuia moto usile chuma, na katika tanuri la saruji tunaivisha klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, kwa nyuzi kama 1,450. Moto ule ukipata ufa mdogo tu kwenye matofali, ganda la chuma la nje hugeuka jekundu. Na mwili wa Columbia haukuwa hata wa chuma, ulikuwa wa alumini ambayo wahandisi hawakutaka ipite nyuzi 175.

Basi kwa nini wasishuke polepole? Swali hili huulizwa na wengi na si la kijinga hata kidogo. Tatizo ni mwendo waliokuwa nao. Kila kilo moja ya chombo, ikiwa huko juu na kasi ile, imebeba nishati ya kutosha kuchemsha kilo 11 hivi za maji ya mtungini mpaka zikaukie. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukitaka kuimaliza kwa injini, unahitaji mafuta yanayokaribia yale yaliyokupandisha, na tangi la nje la Columbia peke yake lilibeba zaidi ya tani 700, nalo huachwa njiani kabla hata ya kufika. Mafuta machache yanayobaki hutumika kupunguza kama mita 90 kwa sekunde, katika mita 7,800, ili chombo kianze tu kuinama kuelekea duniani. Zote zilizobaki zinapunguzwa na hewa. Hakuna breki nyingine.

Haya, ngao sasa. Wengi hudhani ni bamba nene la chuma. Columbia na wenzake walivikwa vigae zaidi ya 24,000, vingi vikiwa vya nyuzi za silika, na ndani ya kigae karibu asilimia 90 ni nafasi tupu. Hewa ile iliyonaswa kati ya nyuzi ndiyo inayozuia joto lisipenye. Kila kigae kimechongwa kwa umbo la mahali pake na kina namba yake, kimegandishwa kwa gundi ya silikoni juu ya kitambaa kizito kinachonyumbulika, ili mwili wa alumini ukitanuka na kunywea kigae kisipasuke. Ukikikandamiza kwa ukucha kinabonyea. Kwenye pua na kingo za mabawa, ambako vigae visingestahimili, waliweka vibao vilivyopinda vya kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, 22 kila bawa, vyenye unene wa sentimita moja hivi. Povu lilipiga kibao cha 8. Baadaye mwaka huohuo, huko San Antonio, wachunguzi walifyatua kipande cha povu kama kile kwenye kibao halisi, kikatoka tundu la upana wa sentimita 40 hivi. Inasemekana waliokuwepo walivuta pumzi kwa mshtuko wote kwa pamoja. Mimi ningekuwepo ningekaa chini.

Sasa ulinganishe na mashua yako, maana ulinganifu wako ni mzuri na tofauti zake ndizo zenye jibu. Ubao ukipasuka, maji huingia kwa kiasi. Una upo wa kuchotea, unafua maji ngamani, chini ya mashua, huku mwenzako anashindilia pamba. Umekanyaga kitu kigumu, unasukuma kwa uzito wako. Kiraka kikikaa vibaya, kikatokeza nje nusu inchi, mashua itakwenda kwa uzito kidogo lakini utafika. Na ukikosea, unachomoa unaanza upya.

Kule juu, kila kimoja kati ya hivyo hakipo. Mwanaanga anaelea. Akisukuma kitu, yeye ndiye anayerudi nyuma. Tumbo la chombo halina pa kushika, makusudi, kwa kuwa chochote kinachotokeza kingeungua. Amevaa glovu nene, na kofia yake ngumu ikigusa kigae kizima anaweza kuacha jeraha jipya kubwa kuliko lile alilofuata. Gundi nayo ina vituko vyake pasipo hewa: gesi zilizomo ndani yake hujitokeza, inajaa mapovu na kuumuka. Upande wa jua kitu kinaunguza, kivulini kinaganda, na chombo huzunguka dunia kwa saa moja na nusu, hivyo gundi hupitishwa kwenye joto na baridi kabla haijashika.

Halafu kuna lile la kutokeza, ambalo ndilo gumu kuliko yote kueleza. Chombo kikiingia hewani, juu ya uso wa vigae hukaa tabaka jembamba la hewa inayoteleza kwa utulivu. Tabaka hilo ni kama mto kati ya ngao na moto. Ukiweka kitu kinachotokeza, hata kidogo, tabaka linavurugika kuanzia hapo kwenda nyuma, moto unashuka hadi kwenye ngozi, na sehemu zisizo na jeraha lolote zinapata joto kuliko zilivyokusudiwa. Kwa maneno mengine, kiraka kibaya kinaweza kuchoma mahali ambapo hapakuwa na tatizo.

Mfano wake ulitokea mwaka 2005, katika safari ya kwanza baada ya msiba. Discovery, mwenzake Columbia, chini ya kamanda Eileen Collins, ilipokaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga ilibinuka taratibu, tumbo juu, mita 180 hivi kutoka kituoni, ili waliomo kituoni walipige picha. Katika picha zile vikaonekana vipande 2 vya kitambaa kigumu, vile vinavyopachikwa katikati ya vigae visisuguane, vimechomoza kama sentimita 2 au 3. Vidogo hivyo. Wataalamu walibishana siku kadhaa, kisha wakaamua visiachwe. Tarehe 3 Agosti Stephen Robinson alifungwa miguu kwenye ncha ya mkono mrefu wa mashine wa kituo, akateremshwa chini ya tumbo la Discovery, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufanya kazi chombo kikiwa safarini. Alibeba koleo, na msumeno uliotengenezwa hukohuko ikiwa vitagoma. Akashika cha kwanza kwa vidole, akavuta polepole, kikatoka. Cha pili vilevile. Msumeno haukuguswa. Siku 6 baadaye walitua California salama.

Hayo ndiyo matengenezo ya kweli ya ngao ya tumbo yaliyowahi kufanyika kwenye vyombo vile, na ukiangalia vizuri hakuna kilichoongezwa, kuna kilichoondolewa. Mwaka 2007 kwenye Atlantis walishona pia blanketi la kuhami joto lililofumuka kona, karibu na mkia, kwa pini na kifaa cha hospitali cha kubania ngozi baada ya upasuaji. Kazi safi, ila mahali pale joto si kali.

Dawa za kuziba ziliandaliwa, tena kwa bidii. Kwa nyufa za vibao vya kaboni kulikuwa na uji mzito mweusi wenye unga wa silikoni kabidi, wa kupakwa kwa mwiko mdogo, ambao ukipata moto hugeuka kuwa kama kauri. Kwa matundu madogo ya ukingo kulikuwa na visahani vyembamba vinavyokazwa kwa bolti inayopita ndani ya tundu na kujitanua nyuma. Kwa vigae kulikuwa na bunduki ya kusukumia dawa ya sehemu mbili zinazochanganyika zikitoka. Dawa hiyo huvimba ikipashwa, kwa hiyo fundi alifundishwa asijaze shimo hadi juu. Aache upungufu, moto wenyewe utamalizia kujaza. Machi 2008 waliijaribu nje ya kituo kwenye vigae vya mfano, ikaenda vizuri. Lakini hadi vyombo vile vinastaafishwa mwaka 2011, hakuna kigae hata kimoja kilichozibwa kwa dawa hizo kikarudi nazo duniani.

Fursa ilikuwepo. Agosti 2007 Endeavour ilifika kituoni na jeraha tumboni, urefu kama sentimita 9 na upana 5, limechimba kigae karibu chote. Dawa ipo, watu waliofunzwa wapo, dunia nzima inatazama kwa sababu ndani yumo mwalimu wa shule, Barbara Morgan. Wakafanya hivi: wakalipima jeraha lile kwa leza, wakachonga jingine linalofanana nalo kwenye vigae vya majaribio huku ardhini, wakalipitishia hewa ya moto kwenye mtambo wa majaribio, wakapiga hesabu. Jibu likaja kwamba alumini ya ndani itastahimili. Wakaliacha. Wakatua tarehe 21 Agosti na chini ya jeraha mwili ulikuwa mzima. Katika yote niliyosoma kuhusu ngao, huo ndio uamuzi ninaouheshimu zaidi, maana fundi mwenye dawa mkononi huwashwa sana kuitumia.

Usije ukadhani lakini kwamba kuacha ni salama siku zote. Desemba 1988 Atlantis ilirudi na vigae zaidi ya 700 vimejeruhiwa na kimoja kimetoka kabisa. Waliponea kwa kuwa chini ya kigae kile kulikuwa na bamba nene la kushikia antena. Kingetoka mahali pengine, msiba ungekuja miaka 14 mapema.

Turudi kwa Columbia. Tume ya uchunguzi iliwauliza wahandisi swali lako hilohilo: kama wangejua mapema, wangefanya nini? Zikaja njia mbili. Ya kwanza ni kiraka cha kubuni: wanaanga wawili watoke, wajaze ndani ya ukingo uliotoboka vipande vya titani na vyuma vingine vya mle chomboni, washindilie na mfuko wa maji ambayo yangeganda kuwa barafu na kushikilia vyuma, kisha wafunike. Unaona, ni akili ileile ya shati lako. Tume haikuficha kwamba hatari yake ni kubwa sana. Kwa maoni yangu, tundu la sentimita 40 kwenye ukingo, mahali penye joto kuliko karibu pote, barafu ile ingeondoka mapema na vyuma vingeyeyuka vikifuata. Nisingempandisha mtu kwa matumaini hayo kama kuna njia nyingine.

Na nyingine ilikuwepo. Chombo cha Atlantis kilikuwa tayari kinaandaliwa kwa safari ya Machi. Kikiharakishwa usiku na mchana, kingeweza kuruka kabla ya tarehe 15 Februari, siku ambayo Columbia ingeishiwa dawa ya kusafisha hewa waliyokuwa wakiivuta. Watu 7 wangevuka mmojammoja. Kila kitu kingetakiwa kwenda sawa, lakini ingewezekana. Kwenda kujihifadhi kwenye kituo cha kimataifa, kama wengi wanavyopendekeza, haikuwezekana: njia zao kuzunguka dunia zilikuwa zimeinama tofauti, na mafuta ya kuhama njia moja kwenda nyingine hawakuwa nayo. Somo likawaingia. Mei 2009, walipotuma Atlantis kutengeneza darubini ya Hubble, ambako pia kituo hakifikiki, Endeavour ilisimamishwa kwenye jukwaa la pili ikiwa tayari kuwafuata.

Nimtajie mjukuu na jambo la upande wetu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia, ishara moja iliyopokewa ardhini ilionyesha kwamba ngao yake imelegea. Zanzibar ilikuwa na mojawapo ya vituo vilivyosikiliza chombo kile kikipita juu ya Bahari ya Hindi. Hakukuwa na namna ya kutoka kuangalia, kwa hiyo walimwambia asiachie mzigo wa roketi za breki uliofungwa kwa mikanda juu ya ngao, wakitumaini mikanda itaishikilia. Glenn akashuka akiona mapande yanayowaka yakipita dirishani, asijue kama ni mzigo au ni ngao yenyewe. Ulikuwa ni mzigo. Ngao ilikuwa nzima, ishara ndiyo iliyokuwa mbovu.

Vyombo vya siku hizi vya kubeba watu, Soyuz, Dragon na Orion, ni vidonge butu visivyo na mabawa. Ngao yao kubwa iko chini, imefunikwa na sehemu nyingine ya chombo mpaka muda mfupi kabla ya kuingia hewani. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya povu na takataka za angani, lakini maana yake pia ni kwamba ikipata dosari humo ndani hakuna mkono utakaoifikia. Apollo 13, iliyokuwa njiani kwenda Mwezini, ilipolipuka tangi mwaka 1970, hakuna aliyejua kama ngao imepona. Walichoweza ni kurudi nayo hivyohivyo, ikawafikisha. Orion ilipoizunguka Mwezi mwaka 2022 bila watu, ngao yake ilirudi imemeguka sehemu zaidi ya 100, na uchunguzi ulikuta gesi zilizonaswa ndani ya nyenzo ndizo zilizoipasua. Kwa safari iliyofuata wakapanga upya njia ya kushukia, wakaiacha ngao kama ilivyo. Wachina nao, Novemba 2025, walipokuta ufa kwenye dirisha la chombo chao cha Shenzhou-20 hawakuwarudisha watu nacho. Wanaanga wakarudi kwa chombo kingine. Nadhani umeshaona mwelekeo. Kuangalia kwanza, kisha kuvumilia kama hesabu inaruhusu, kisha kuhama chombo. Kuziba kumewekwa mwisho kabisa.

Sasa mjukuu. Mradi wake umo humohumo karakanani mwako: ngao za vidonge hivi hufanya kazi kwa kuungua. Uso wa juu unageuka makaa, makaa yanazuia joto, yakimomonyoka yanaondoka nalo. Satelaiti za mwanzo za China zilizorudisha filamu duniani zilitumia ngao ya mbao za mwaloni. Kwa hiyo mpe masalia ya mbao za aina mbili au tatu, za unene mmoja, aongeze kipande cha bati la kawaida, kipande cha chungu kilichovunjika na kipande cha tofali la kuchoma. Nyuma ya kila kimoja agandishe tone la nta ya mshumaa. Aelekeze moto mbele kwa umbali uleule, ahesabu sekunde hadi nta idondoke. Kisha achimbe shimo kwenye mbao moja, arudie, aone muda unavyopungua. Akitaka kujaribu kuziba, azibe kwa udongo wa mfinyanzi uliokauka vizuri. Pamba yenu ya mafuta hapana, itawaka.

Mtungi wa gesi usimpe peke yake. Jiko dogo lenye vali nzima linatosha, nje, pasipo upepo, kukiwa na ndoo ya mchanga na mwalimu wake wa fizikia amesimama hapo. Akitaka moto mkali wa kuchomelea, aende na mwalimu kwenye chuo cha ufundi cha VETA pale Mtwara, awaombe mafundi wamshikie wao, wana miwani na wanajua kazi yao. Sufi ya kauri ya tanuri, ikitokea akaipata kwa mtu, asiikate bila barakoa nzuri. Na wewe, kama uliwahi kulikata lile bati la asbesto kwa msumeno miaka ya nyuma na sasa pumzi inakukatika au una kikohozi kisichokwisha, usisubiri kusoma majibu kwenye simu. Nenda hospitali ya Ligula ukamweleze daktari jambo hilo waziwazi, hata kama hakuuliza.

Kila kipande arudie mara 3 achukue wastani, maana upepo wa kusi utamsumbua. Namba zisipolingana kabisa, aandike hivyohivyo zilivyotoka, asizipambe.